Injini ya Shemeji

Hakuna anayemwita fundi huyu kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote wanamwita Sikio, na hata mwenye nyumba anayempangisha karakana akimwandikia barua huanza na Bwana Sikio. Jina hilo hakulipata bure. Zamani alikuwa anaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia silinda ya tatu inakula oili na wiki iliyopita ulipita shimoni ukaona haya kusema. Wateja walicheka, wakaenda kuhakikisha kwa fundi mwingine, wakarudi wameinamisha vichwa.

Sasa ana miaka hamsini na sita, kitambi kimemtangulia kidogo, na injini karibu hazimhusu tena. Kazi yake ni kuyatoa magari kwenye petroli na kuyaingiza kwenye umeme. Ukipita karakanani kwake utakuta teksi sita zimepanga foleni, vifuniko wazi, na mafundi watatu wanavuta nyaya nene za rangi ya chungwa. Mtaani wanasema Sikio amelamba dume. Lakini mpongeze uone: atatazama chini, atachukua spana ambayo haihitaji, ataanza kuifuta. Wengine wanasema jamaa ana unyenyekevu. Unyenyekevu wa wapi! Roho inamsuta, na inamsuta kwa sababu ya gari moja tu, gari la dada yake.

Dada huyo amempita miaka tisa. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba Sikio mgongoni, akamwosha, akamchapa alipostahili, na mpaka leo akikasirika anamwita "wewe mtoto" mbele ya mafundi wake. Ni mshonaji. Ana cherehani ya miguu, ile ya kizamani ya chuma cha kumimina, na siku waliyohama nyumba wapagazi waliiangusha, mguu mmoja ukakatika kama biskuti. Sikio alichukua mwezi mzima kuuletea bamba na bolti nne. Mwezi huo wote dada alishona cherehani ikiwa imeegemea matofali, na kila alipoinama kuokota sindano aliukuta ule mvunjiko usoni pake: wiki ya kwanza unametameta kama sukari, wiki ya nne umeshakuwa wa kahawia. Alimtania mdogo wake kwamba daktari wa vyuma anasubiri mgonjwa aote kutu kwanza ndipo amtibu.

Mume wa dada alikuwa mpima ardhi, mtu mrefu, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: gari la spoti. Lilikuwa la viti viwili, jekundu, paa la turubai, na lilikuwa kuukuu kuliko ndoa yao. Dada alilipa jina la Mke Mwenzangu. Ilikuwa ikifika Jumamosi anapita barazani na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba mwenzake ameshaogeshwa na kupakwa mafuta, yeye hata kuulizwa kama ameamka hajaulizwa. Kisha anaweka ushonaji pembeni, anashika tochi, anammulikia mumewe, na Sikio anakuja na bisibisi yake kusikiliza. Hizo ndizo zilikuwa Jumamosi zao watatu kwa miaka ishirini na ushee.

Halafu shemeji akaugua ghafla. Siku kumi na moja alipumulia mashine. Siku ya kumi na mbili daktari akawaita ndugu ofisini, na dada akafika mpaka mlangoni, miguu ikakataa. Akakaa kwenye benchi la korido, akamwambia mdogo wake aingie yeye. Sikio akaingia. Daktari alimwonyesha picha za ubongo, akamweleza taratibu, na Sikio alimuuliza mara tatu, kwa namna tatu, kama hakuna kosa lolote katika vipimo. Daktari hakuchoka kumjibu. Sikio akatoka, akachuchumaa mbele ya benchi.

Dada akauliza, "Hakuna namna?"

"Hakuna, dada."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Dada akatia sahihi, mashine ikazimwa. Ulikuwa ukweli mtupu, na haukuwa mwepesi kuusema. Katika maisha yake yote hilo ndilo neno ambalo Sikio alijua amelisema kama mwanamume.

Baada ya hapo Mke Mwenzangu akabaki na mjane mwenzake. Kila Jumamosi asubuhi dada aliingia garini, akawasha injini, akakaa dakika kumi kuisikiliza ikinguruma, akaizima, akarudi kwenye cherehani. Kwa safari ilikuwa moja tu, kwenda karakanani kwa mdogo wake. Sikio alikuwa akimsikia tangu kona ya duka la vioo, na kwa mlio tu alijua anakuja na moyo gani. Akiwa na hasira alisahau kubadili gia, gari likaja linalia na gia ya pili mpaka getini. Akiwa ameamka na majonzi alikuja polepole, injini inakohoa kwa kukosa mafuta ya kutosha. Sikio alikuwa anawaambia mafundi wake watoe kiti ama waondoke, kulingana na mlio.

Mwaka wa tatu wa ujane, gari likaja linatoa moshi mweupe kama jiko lililomwagiwa maji. Sikio akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Mtoto wa juzi katika ufundi angekuambia: gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yanaingia kwenye oili, unafungua, unabadilisha, siku mbili gari linaondoka. Sikio alilijua hilo kabla hata hajakifuta kijiti.

Lakini asubuhi ile ile alikuwa amepigiwa simu na mwenye kampuni ya teksi. Sikio alikuwa amesomea mambo ya umeme miezi minane, amenunua mota na betri za majaribio, na hakuna mteja aliyekubali gari lake lipasuliwe. Yule mwenye teksi alimwambia hataki maneno wala michoro. Alitaka kuona gari moja, lililobadilishwa na mikono ya Sikio, linatembea. Akilipenda, kazi ya teksi zote ni ya Sikio. Asipoliona ndani ya miezi mitatu, ameshapata fundi mwingine ng'ambo ya mji.

Gari la spoti ni jepesi, mwili mzima, gia boksi nzuri. Sikio alikuwa ameshika kijiti, dada anamwangalia usoni kama mama mzazi anavyomwangalia nesi.

"Bloku imepasuka," akasema, yaani mwili wenyewe wa injini.

Dada akakitazama kijiti. Kisha akauliza, "Hakuna namna?"

"Hakuna, dada."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nakuapia, maneno yalikuwa yameshamtoka ndipo akayasikia. Korido ile, benchi lile, harufu ya dawa ya kufutia sakafu, vyote vikamjia kwa pamoja. Alikuwa bado na nafasi. Angesema ngoja niangalie tena, nimekosea, macho yangu haya. Badala yake akajitia hamnazo, akaanza kueleza habari za mota, jinsi gari litakavyoendelea kutembea, halitoi moshi, majirani hawatalalamika tena. Dada akapangusa macho kwa ukingo wa kanga. Akasema kama injini imekufa yenyewe, basi, imeenda kwa mwenyewe. Gari nalo lisiende.

Kazi aliifanya kwa uhodari, lazima nimpe haki yake. Aliinyanyua injini kwa mnyororo, akaifunga turubai, akaisukumia nyuma ya karakana karibu na matairi mabovu. Alimpelekea mkereza vyuma vipimo vya bamba la kuunganishia mota na gia boksi, akalirudisha mara nne kwa tofauti ya unywele. Betri nyingine alizipanga pale tangi la petroli lilipokuwa, nyingine kwenye buti, uzito usilemee upande mmoja. Mota haikukaa vizuri, ikabidi akate vikalio vya injini kwa msumeno wa umeme. Alipovikata alijua amefunga mlango. Injini ile haingerudi mle tena bila kuchomelea na kubahatisha. Usiku hakulala vizuri siku hiyo, na mke wake alipomuuliza ana nini akasema ni mgongo.

Mwenye teksi aliliendesha gari barabara nzima na kurudi, akatoka anacheka peke yake. Wiki iliyofuata teksi mbili za kwanza zikaingia.

Na dada? Kama dada angelalamika, Sikio angepumua. Dada alifurahi! Siku ya kwanza alikaa ndani ya gari, akabonyeza kitufe, akasubiri, akauliza mbona kimya, Sikio akamwambia limeshawaka. Dada akacheka mpaka akashika usukani. Akasema Mke Mwenzangu siku hizi amepata adabu, anaondoka bila kuaga. Akaanza kwenda nalo sokoni, kwenye misiba, kwa wateja wake wa mbali. Na kila alikokwenda alimwaga sifa za mdogo wake. Sifa zenyewe hazikuwa za ufundi, hizo angezivumilia. Dada alikuwa anawaambia watu kwamba mafundi wa siku hizi wanakuzungusha, lakini huyu wangu hanifichi kitu. Alinieleza ukweli kuhusu mume wangu, akanieleza ukweli kuhusu gari, ananiangalia machoni, anasema. Sikio akiwa amekaa pale pale, chai inampalia.

Mara mbili alikwenda nyumbani kwa dada amepiga moyo konde akaseme. Mara ya kwanza akakuta wageni. Mara ya pili hapakuwa na mtu, cherehani tu na wao wawili, akasema, "Dada, kuna jambo," na dada akainua uso na kumtazama kwa uso wa mtu anayetarajia habari njema. Sikio akaishia kumwomba sindano ya kushonea begi.

Mwezi wa nne tangu gari lirudi barabarani, dada akapiga simu. Alisema Jumamosi anakuja kuiaga injini. Sikio akajaribu kumpiga chenga, akasema ni chuma tu, kichafu, kitakuharibia nguo, kuna mtu wa vyuma chakavu anakuja kuichukua. Dada akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Nataka kuuona huo ufa," akasema. "Siku ile kwa mume wangu sikuingia. Nilikaa kwenye benchi nikakuachia wewe. Mpaka leo linanikera. Safari hii nitaingia, nione kwa macho yangu, nimalize."

Simu ilipokatika, Sikio alikaa juu ya betri akiwa bado ameishika. Hebu jiweke wewe hapo. Akisema ukweli, dada atajua aliuziwa uongo kwa maneno yale yale ya korido. Asiposema, dada atafunua turubai na kukuta bloku nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Ijumaa mchana aliwaambia mafundi wake wakale, wasiharakishe. Akafunga geti. Akafunua turubai. Ilikuwa injini nzuri, jamani. Yeye na shemeji waliifungua mara tatu katika miaka ishirini, kila bolti aliijua kwa kidole. Akachukua nyundo ya kilo tano. Pigo la kwanza injini ikalia kama kengele ya shule, mlio safi, mrefu, ule mlio wa chuma kisicho na kasoro, na Sikio alisikia haya mpaka kwenye nyayo. Pigo la pili vile vile. La tatu mlio ukakatika katikati. Akachukua bisibisi yake, akagonga huku na huku, mpini sikioni kama zamani. Iliitika kwa sauti mbovu, sauti ya sufuria lenye ufa. Akaridhika. Akapaka oili nyeusi juu ya ufa, akaosha mikono, akaosha tena. Fundi wa miaka thelathini na tano kazini, akakagua kwa sikio, jicho hakulishughulisha.

Jumamosi dada alifika bila yeye kujua. Alishtukia tu yuko nyuma yake, kavaa gauni la heshima, mkononi ana kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mafundi walikuwa mapumzikoni. Sikio akamvutia kigoda, akafunua turubai. Dada hakulia. Aliketi mbele ya injini ile, akaanza kuifuta taratibu, kifuniko cha juu kwanza, kisha mabomba, akisema na mumewe kwa sauti ya chini mambo ambayo Sikio hakutaka kuyasikia na aliyasikia yote. Akamwambia amelitunza gari. Akamwambia asimlaumu kwa kutoingia siku ile.

Kisha akauliza ufa uko wapi. Sikio akauonyesha kwa kidole. Dada akaweka kidole chake juu yake, akaufuata kutoka mwanzo hadi mwisho, kama anavyofuata mshono kutafuta palipofumuka. Akakunja kitambaa upande safi, akaifuta ile oili.

Ufa ukametameta kama sukari.

Dada akabaki ameutazama. Akafuta tena. Akainama karibu zaidi, akavaa miwani yake ya kushonea, akatazama tena, na Sikio akaona mabega yake yanavyotulia, yanatulia kupita kiasi.

"Mguu wa cherehani yangu," dada akasema polepole, "wiki nne tu ulikuwa umeshaota kutu. Na haukuwa umeguswa na maji." Akavua miwani. "Hii ina miezi saba. Mbona mpya?"

Sikio akaitazama ile oili kwenye kitambaa. Angeweza kuruka kimanga hata hapo, kusema oili inazuia kutu, na labda dada angekubali, maana watu hukubali wanachokitaka. Lakini alikuwa amechoka, na alimwonea huruma, na alijionea kinyaa.

"Nimeivunja jana," akasema. "Na nyundo. Ilikuwa gasketi tu, dada. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Nilitaka gari la kumwonyesha mwenye teksi. Nilikudanganya. Nisamehe."

Alitegemea kofi. Alilitamani, hasa. Dada aliwahi kumpiga kwa makosa madogo mno kuliko hilo. Lakini dada hakuinua mkono. Alikuwa anakikunja kitambaa chake mara mbili, mara nne, uchafu ndani, weupe nje, na macho yake yalikuwa hayapo kwenye injini tena.

"Siku ile," akasema. "Korido. Nilikuuliza hakuna namna, ukasema hakuna. Nikakuuliza una hakika."

"Dada, ile ilikuwa kweli."

"Ulisema una hakika. Kwa sauti hii hii."

"Wallahi ilikuwa kweli. Nilimuuliza daktari mara tatu. Niliziona picha mwenyewe. Twende hospitali, watakuwa na faili, nitakupeleka leo hii."

"Mimi sikuingia," dada akasema. "Nilichokuwa nacho ni neno lako tu. Nikatia sahihi kwa neno lako."

Sikio akapiga magoti pale pale kwenye oili. Akaapa kwa kaburi la mama yao, akaapa kwa watoto wake. Kila alivyoapa ndivyo alivyojisikia mwenyewe anavyofanana na mtu anayedanganya. Ukweli mmoja mkubwa aliowahi kuusema maishani, sasa hana pa kuuegemeza, na aliyeubomolea nguzo ni yeye. Dada alimwangalia kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamtafuta, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka kwenye zulia, anajua iko hapo hapo, ila haioni.

"Naomba Mungu iwe kweli," akasema mwishowe. "Simama, unachafuka."

Akatoka. Sikio alibaki ndani na injini iliyofutwa vizuri kuliko injini yoyote karakanani mle. Alitega sikio. Ilikuwa desturi ya miaka mingi: dada akiondoka, mlio ungemwambia ameondoka na moyo gani, amsubiri ama amfuate. Alisimama ameshika pumzi. Akasikia mafundi wake wanacheka mbali barabarani, akasikia bomba linadondosha maji kwenye ndoo. Hakusikia kingine. Hakujua kama dada ameshafika kona ya duka la vioo, au bado amekaa nje pale getini, mikono kwenye usukani, analia.

Alivumilia kwa muda, kisha akatoka kuangalia. Geti lilikuwa wazi na barabara ilikuwa tupu.